Daftari la Benno

Lemara, Arusha
Ijumaa, alasiri

Mwanangu Ndeshi,

Barua ya adabu huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Hali yako naijua. Saa hizi uko Maji ya Chai kwa bibi yako, umekalishwa kwenye kigoda karibu na moto, na unalishwa ndizi ambazo tumbo lako halina nafasi nazo. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Nimekaa kwenye meza hii ninayosahihishia madaftari ya watoto, begi lako liko mlangoni limefungwa kamba tayari, na ninaona aibu. Aibu hii si ya leo. Ina umri unaokuzidi wewe.

Mambo ya kufunga madirisha, kuchemsha maji na kutowafungulia watu usiowafahamu hutayakuta humu. Umeshakaa katika nyumba mbili za watu bila mimi, na kazi hiyo unaijua kunishinda. Nakumbuka uliporudi kutoka Usa River, baada ya mwezi mzima na yule kasuku anayetukana kwa lugha tatu, ulivyotueleza mpango wako. Wenye nyumba wanasafiri, wewe unabaki na nyumba yao, mbwa wao, paka wao na maua yao. Hawakulipi, nawe huwalipi. Unapata kitanda na jiko, na mchana, wanyama wakishashiba, unapata mji mpya wa kuutembea. Baba yako alikuwa amerudi na marobota yake ya mitumba kutoka soko la Kilombero. Akasema, "Kidato cha sita chote kile, mwisho wake ni kulala na mbwa wa watu?" Ukamjibu, "Baba, mbwa ndio wanaolala kwangu. Mimi ndiye mwenye funguo." Alicheka mpaka akalikalia robota.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nakutazama. Zama zetu mtu alisafiri kwa msiba, kwa harusi, au kwa uhamisho wa kazi. Kusafiri ili kuona tu, hiyo ilikuwa kazi ya wageni. Ninyi mmekuta mambo yamefunguka, mabasi yanagombea abiria, na pasipoti inaombwa na mtoto wa mwalimu. Ulipochora kwenye karatasi njia yako, Lushoto miezi mitatu, halafu Nairobi, halafu Mombasa, na pembeni ukaandika "Ulaya?" kwa penseli, nilifurahi kimoyomoyo. Nilijisemea, huyu atafika. Bado nasema hivyo. Ninachoogopa ni kwamba ninaweza kuwa mimi niliyekufungia njia, na tena mwanzoni kabisa, hapo Lushoto.

Unakumbuka siku barua ya Lushoto ilipofika. Yule mwenye kasuku wa Usa River, daktari wa mifugo, alikuwa amemwandikia mama mmoja mzee, Mjerumani, anayekwenda kwao kutibiwa macho na kuacha mbwa wawili. Ulisimama hapo mlangoni ukaisoma kwa sauti. Mama huyo alijibu: "Kama ni binti wa Naomi niliyemfundisha, yule wa Maji ya Chai, sihitaji mtu mwingine wa kumdhamini. Mama yake alinitunzia nyumba na mbwa wangu mgonjwa kwa uaminifu ambao sijauona tena. Daftari lake ninalo mpaka leo. Nitampa binti alisome, naye aandike kama mama yake." Uliruka. Ukanikumbatia ukasema, "Mama, hukuwahi kuniambia." Nikasema, "Ni zamani." Kisha nikaingia jikoni nikaanza kuosha mchele ambao nilikuwa nimeshauosha.

Nakuambia leo. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaja kuniuliza.

Nilikuwa kidato cha pili. Yule mama wa barua, Mwalimu Hanna, alitufundisha kushona na upishi. Nyumba yake ilikuwa juu ya barabara kuu, upande wa mlimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Mwisho wa mwaka ule baba yake alifariki huko kwao, akalazimika kuondoka likizo nzima. Alinichagua mimi katika darasa zima nikae na nyumba. Sababu aliyoitaja mbele ya wenzangu ilikuwa mwandiko wangu. Alisema msichana anayeandika hivi hawezi kufanya jambo ovyo. Nilitembea siku ile kama niliyevishwa taji.

Kazi kubwa haikuwa nyumba. Nyumba ilikuwa na mlinzi, Mzee Loserian, Mwarusha wa Terrat, aliyelala kibandani getini na kwenda kwao Jumapili. Kazi kubwa ilikuwa Benno. Alikuwa mbwa mzee, mweusi, masikio marefu, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Kila jioni alitakiwa kumeza kidonge. Mwalimu Hanna alinionyesha mwenyewe: unakata kipande cha ini, unakichoma kisu katikati, unaficha humo kidonge, unampa kwanza kabla ya chakula chake cha nyama na wali. "Bila ini hatameza," aliniambia. "Anakijua kidonge kwa harufu." Mwenye bucha wa Maji ya Chai alikuwa ameshaagizwa, nyama na maini vilikuwa vinaletwa kila baada ya siku moja. Juu ya meza aliniachia daftari jipya, jalada la bluu. Kila jioni niandike: Benno amekulaje, amemeza dawa, amelalaje.

Mwanangu, hujui nyumba ile ilinifanya nini. Au labda unajua, maana wewe umekaa za kwako. Asubuhi nilifungua pazia, kilele cha Meru kikawa kimekaa dirishani kama kimewekwa pale kwa ajili yangu. Nilikaa kwenye kiti chake. Nilisoma migongo ya postikadi alizotumiwa, za miji yenye theluji na madaraja. Siku ya tatu nilivaa viatu vyake vya ndani. Nilikuwa sijawahi kufika hata Moshi, lakini kwenye kiti kile nilisafiri sana. Nilidhani huo ndio uovu wote ambao nyumba ya mtu inaweza kumfundisha mtoto: kuvaa viatu visivyo vyake.

Nyama ndiyo iliyonishinda. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi, na mwaka ule hata Krismasi tulikuwa na mashaka nayo. Babu yako alikuwa mgonjwa kitandani, maharage yalikuwa yamekauka shambani. Na maini, usisahau, kwetu yalikatiwa mzee kwanza. Sisi watoto tuliyajua kwa harufu. Sasa nikawa nimesimama jikoni kwa watu, peke yangu, namkatia mbwa maini. Jioni ya kwanza nilikula kipande kimoja nikiwa nimesimama. Nilijiambia naangalia kama yameiva.

Jioni ya nne au ya tano nilimpa Benno nusu, nusu nyingine nikaifunga kwenye jani la mgomba. Asubuhi Mzee Loserian alikuwa anateremka barabarani kunywa chai, kama kila siku. Nikampa kile kifurushi.

"Mzee, nifikishie kwa mama. Mwalimu ameacha agizo apewe."

Akakipima mkononi. "Nyama?"

"Nyama."

"Mzungu huyu ana moyo," akasema. "Mimi miaka sita nalinda geti lake, hajanipa hata mfupa."

Tulicheka wote wawili. Alikipeleka. Na kesho yake kingine, na baada ya siku mbili kingine. Bibi yako alimwombea Mwalimu Hanna kila usiku wa likizo ile, akimtaja kwa jina. Na ninajua kwamba hata sasa, huko jikoni ulikokaa, amekwisha kukuhadithia ile habari ya mwaka wa nyama. Hajui mpaka leo. Kila anapoihadithia mimi hutafuta kazi ya kufanya nje.

Benno nikawa nampikia ugali wenye mchuzi. Maini yakawa hayabaki kabisa. Kidonge nilikiweka ndani ya tonge la ugali, nikalisukuma mdomoni mwake, nikashika taya zake zikafunga, kama nilivyowaona watu wakinywesha ndama dawa. Alinitazama. Hakuning'ata hata siku moja. Alimeza, nikashika kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu ule uliosifiwa: "Benno amekula vizuri. Dawa amemeza."

Wiki ya tatu alianza kukohoa. Nikaandika: "Benno amekula vizuri. Dawa amemeza." Akawa hapandi tena ngazi ya barazani, nikambeba. Ungesema hapo ningeacha. Nilifikiria kuacha. Lakini mama alikuwa amenitumia salamu kwamba baba ameinuka kitandani, ameketi, ameomba mchuzi. Nikasema wiki moja tu.

Nilimkuta asubuhi kwenye mlango wa jikoni, umande uko juu ya manyoya yake. Alikuwa amelala kwenye gunia lake kama anayengoja kufunguliwa. Mzee Loserian alichimba kaburi nyuma ya nyumba, akaweka mawe juu fisi wasimfukue, akanawa mikono. Nilipoinua lile gunia ili nilichome, vidonge vikadondoka sakafuni. Alikuwa anavificha shavuni, na nikigeuka kuandika, anavitema. Sikuvihesabu. Vilikuwa vimelainika na kugandwa na manyoya. Nilivikusanya nikavitupa chooni, nikafagia, nikarudi mezani. Niliandika ukurasa mrefu kuliko zote jinsi Benno alivyokufa kwa amani baada ya kula chakula chake chote na kumeza dawa. Nililia nikiandika, na chozi moja likaangukia wino. Hilo nalo Mwalimu Hanna alilisifu.

Alirudi, akalia kidogo, akasoma daftari, akanishika bega. Alisema mbwa alikuwa mzee. Mambo yangeishia hapo, lakini mpishi wa nyumba jirani akamwambia kwamba likizo nzima alikuwa anamwona mlinzi akishuka asubuhi na vifurushi vya nyama.

Tuliitwa barazani wote wawili. Mzee Loserian alisimama na fimbo yake. Alieleza bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na la kuogopa. "Nilitumwa na binti. Alisema ni agizo lako, mama yake apewe."

Mwalimu Hanna akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kwa upole, kama anayeuliza tu ili amalize. "Naomi, ni kweli?"

Ndeshi, ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nimelirudia swali hilo miaka yote hii na kila mara naona jinsi lilivyokuwa rahisi. Angenigombeza. Pengine angenipeleka kwa mama, mama angelia. Lakini darasa zima lilikuwa linajua nimechaguliwa. Na lile daftari lilikuwa mkononi mwake, kidole chake kikiwa kati ya kurasa.

Nikasema, "Mimi sijui, Mwalimu."

Mzee Loserian alinitazama. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Mtoto wa shule hasemi uongo. Basi mwongo ni mimi." Akaenda kibandani, akachukua blanketi lake, akaondoka kabla jua halijawa kali. Alikuwa na watoto. Nilijua, kwa sababu aliwahi kuniomba nimwandikie mmoja wao majina yake yote vizuri kwenye kadi ya shule.

Yaliyofuata unayajua, ila ulikuwa hujui yalikotoka. Mwalimu Hanna aliniandikia barua ya kwenda chuo cha ualimu. Ndani yake kulikuwa na neno "mwaminifu" mara mbili. Barua ile ndiyo iliyonipa kazi, kazi ndiyo iliyotupatia nyumba hii ya Lemara, na meza hii. Kila mwaka naandika ubaoni watoto wa darasa la tatu wanakili: Msema kweli hupendwa na wote. Ninawapa mgongo ninapoandika.

Kuna mambo madogo ambayo yalikuwa yanakushangaza. Maini, kwa mfano. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini nawapa ninyi na baba yako, mimi sili. Nilikuambia yananichefua. Na ulipokuwa darasa la nne ulileta mtoto wa mbwa ndani ya sweta yako ya shule, umemfungia vifungo mpaka shingoni, kichwa chake tu kinaonekana. Nikasema mbwa wana viroboto, mrudishe ulikomtoa. Ulilia siku mbili. Hakuwa na viroboto. Alikuwa mweusi. Uliona mama katili, na kumbe mama alikuwa anamkimbia mbwa mwingine. Nisamehe kwa hilo, kabla ya mengine.

Nilidhani aibu ni kama jeraha, ukiiacha inafunga. Kwangu imekuwa kama mkopo wa sukari kwa jirani: siku ya kwanza ungerudisha kikombe kimoja, mkasahau. Ukichelewa, unaanza kupita njia nyingine. Mwisho unahama mtaa. Mimi nilipita njia nyingine. Mwalimu Hanna alipohamia Lushoto alinialika, sikwenda. Terrat ni mji huu huu, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, nami sikuwahi kukanyaga.

Nilikwenda Terrat baada ya ile barua ya Lushoto kufika. Ile Jumamosi niliyosema kuna mkutano wa walimu, hakukuwa na mkutano. Nisamehe na huo.

Niliuliza njiani mpaka nikafika. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anapukuchua mahindi, amevaa koti refu la mtumba, la kike, lenye vifungo vya kung'aa. Amezeeka, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa chama au wa kanisa?"

"Si wa chama. Mimi ni Naomi. Wa Maji ya Chai. Wa kwa Mwalimu Hanna."

Hakuacha kupukuchua. "Wa nyama," akasema.

"Ndiyo. Wa nyama."

"Umenenepa."

Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai kwenye mfuko wa plastiki. Akautazama. "Hii ni ya radhi au ya salamu?"

Nikasema ya salamu.

"Basi naipokea. Ya radhi isingekuja kwenye mfuko."

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakanitoka yote kwa wakati mmoja, kama mtoto anayesoma bila kupumua. Alinisikiliza. Halafu akasema, "Nilikungoja mwaka ule. Mwaka uliofuata nilikungoja kidogo. Baadaye nikapata ng'ombe wangu wawili, sikuwa na nafasi tena." Akanisogezea kigoda. "Inuka, utachafua gauni. Yule mama yu hai?"

"Yu hai. Yuko Lushoto."

"Sasa mbona umekuja kwangu? Mimi najua sikuiba. Asiyejua ni yeye."

Hapo ndipo nilipokutaja wewe. Nilimweleza kwamba binti yangu anakwenda kukaa kwa yule mama, kwamba ndio mwanzo wa safari zake, kwamba amepokelewa kwa jina langu, na nikisema kweli sasa anaweza kukataliwa. Nilisema, "Mzee, ni mtoto. Hana kosa."

Akanitazama kama alivyonitazama barazani. "Ndiyo," akasema. "Na mimi alinikataa. Nilikuwa na watoto vilevile."

Alinipa mahindi mawili ya kuchoma nile njiani, akaniambia nisichelewe gari.

Ungedhani nilirudi nikaandika usiku ule ule. Sikuandika. Ilinichukua siku nane. Nilijiambia, asafiri kwanza, nitaandika akiwa ameshazoea. Nilijiambia, yule mama ni mgonjwa wa macho, nani atamsomea. Nilijiambia wiki moja tu. Nilipoyasikia maneno hayo kichwani mwangu, yale yale ya jikoni kwa Mwalimu Hanna, nilichukua kalamu.

Nimemwandikia yote: ini, ugali, vidonge, chozi, na jina la Mzee Loserian kwa ukamilifu wake, na kwamba hakuiba hata mfupa. Barua niliipeleka posta Jumatatu. Wewe ukifika kesho jioni, itakuwa imefika, au itafika siku mbili tatu baada yako. Sijui atakupokeaje. Anaweza kukufungulia geti, anaweza kukuambia ulale siku moja na urudi. Akikurudisha, usimlaumu, na usimwombe. Nauli ya kurudi iko ndani ya bahasha hii. Rudi nyumbani, baba yako atakucheka wiki moja, halafu utaanza upya kwa jina lako mwenyewe. Lile jina ulilolitengeneza Usa River, la msichana ambaye kasuku alimtukana mwezi mzima na hakumfunika kitambaa, hilo ni lako na halikuazimwa kwa mtu.

Nakuambia na jambo la mwisho la kunitia aibu, ili lisibaki. Asubuhi, kabla sijaianza, nilipanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, katikati ya khanga, uikute ukiwa Lushoto. Nilishaifungua kamba. Ningekuwa nimekuacha usafiri saa zote zile mpaka Mombo, na kupanda milima ile, huku umebeba kitu usichokijua, kwa sababu mimi naogopa uso wako. Nikaona kwamba nakufichia kidonge ndani ya tonge. Nimeifunga kamba upya. Utaipata mkononi mwangu, leo hii, ukirudi, ili kesho asubuhi uende kituo cha mabasi ukiwa unajua, au usiende.

Mimi ningependa uende. Nilivyokaa kwenye kiti kile na kuutazama mlima dirishani, nikiwaza madaraja ya kwenye postikadi, si kila nilichokihisi pale kilikuwa kibaya. Kile cha kutaka kuona kilikuwa kizuri. Nadhani ndicho ulichokirithi, na kimekufikia kikiwa safi.

Bibi yako ninamwendea Jumapili baada ya ibada. Lazima naye ajue alikuwa anashukuru nini. Lakini leo hujui, naye hajui, na namjua mama yangu: hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Tayari nakusikia getini unamsalimia mama wa jirani, na unahema. Bibi atakuwa amekupa mkungu wa ndizi umpelekee Mwalimu Hanna, shukrani ya mwaka ule wa nyama. Usiuache hapa kwa ajili yangu. Upakie kwenye basi. Ukifika, mpe, na umwambie zimetoka kwa mama yake Naomi, ni za nyama ya Benno.

Na akikufungulia, akakuonyesha lile daftari la bluu, lisome, ni mwandiko wangu. Kisha mwombe daftari jipya. Jioni mbwa wakila, andika wamekula. Siku wasipokula, andika hawakula.

Mama yako,
Naomi